Mtungi wa Watu Wengi

Katika nyumba nyingi za kwetu mtungi wa maji ya kunywa huwekwa mahali pake peke yake, penye kivuli, tena hufunikwa. Kata ya kuchotea hutundikwa juu, isiguse chini. Mtoto akitia mkono mchafu ndani ya mtungi ule, mama humkemea mara moja, wala hakuna mtu asemaye kwamba mama ni mkali mno. Kila mtu ajua sababu. Maji ya mtungi ni ya watu wote wa nyumba, na mkono mmoja mchafu waweza kuwadhuru wote.

Ziwa Victoria nalo ni mtungi. Watu wengi wa pande zile huliita Nyanza, yaani maji makubwa, na jina hilo lalifaa. Eneo lake ni karibu kilomita za mraba 68,800. Katika maziwa yote ya maji baridi duniani, ni moja tu lililo pana kuliko hili, nalo ni Ziwa Superior la Amerika ya Kaskazini. Karibu nusu ya Nyanza imo katika Tanzania, sehemu kubwa ya nusu ya pili imo Uganda, na sehemu ndogo imo Kenya. Watu wa Mwanza, Bukoba, Musoma, Kisumu, Entebbe na Kampala hunywa maji yake. Hata watu wakaao mbali nalo hulinywa. Mwanzoni mwa karne hii ya 21 lilijengwa bomba kubwa kutoka Ihelele, katika wilaya ya Misungwi, mpaka miji ya Kahama na Shinyanga; na baadaye maji hayo yakafikishwa Nzega, Igunga na Tabora. Basi mzee wa Tabora, ambaye pengine hajaliona ziwa tangu azaliwe, akiinua bilauri ya maji mezani pake, anakunywa Nyanza.

Lakini kwa kuwa mtungi huu ni mkubwa, watu hawauheshimu kama ule wa nyumbani. Mtu husafisha gari lake ufukoni, mwingine hutupa takataka mtoni, mwingine hujisaidia nyuma ya majani karibu na maji. Ukimwuliza, atakujibu, "Ziwa ni kubwa, uchafu huu mdogo utapotea." Katika somo hili tutaona kwamba maneno hayo si kweli. Uchafu uingiao ziwani haupotei upesi. Ziwa hukaa nao.

Sababu yake yafahamika tukitazama jinsi maji yaingiavyo na jinsi yatokavyo. Karibu sehemu nne katika tano za maji ya Nyanza huletwa na mvua inyeshayo juu ya ziwa lenyewe. Sehemu iliyobaki huletwa na mito, kama Kagera, Mara, Simiyu, Nzoia na mingine mingi. Na kutoka je? Mto unaotoka ni mmoja tu, nao ni Nile, uanzao safari yake Jinja katika Uganda. Lakini Nile huchukua sehemu ndogo tu. Maji mengi zaidi hutoka kwa njia isiyoonekana, yaani hupanda juu kama mvuke kwa nguvu ya jua.

Sasa chukua sufuria, tia maji na chumvi kidogo, uyachemshe mpaka yakauke. Je, chumvi imekwenda wapi? Imebaki chini ya sufuria. Maji hupanda, lakini chumvi haipandi. Ndivyo ilivyo ziwani. Jua huchukua maji safi na kuuacha uchafu. Na kwa kuwa Nile hutoa maji kidogo yakilinganishwa na wingi wa maji ya ziwa, yapita makumi ya miaka kabla mto haujatoa maji yaliyo sawa na ziwa zima. Mtoni uchafu hupita ukaenda zake; ziwani hukaribishwa ukakaa.

Tutazame kwanza uchafu uletao maradhi. Kinyesi cha watu kikifika majini huleta kipindupindu, homa ya matumbo na kuhara damu. Mambo hayo mmekwisha kufundishwa. Lakini yako maradhi mengine ya ziwani ambayo yafaa kuelezwa kwa urefu, kwa sababu huwapata hasa watoto wapendao kuogelea. Maradhi hayo ni kichocho.

Mdudu wa kichocho ni mnyoo mdogo akaaye ndani ya mishipa ya damu ya mtu. Aina iliyoenea kando ya Nyanza ni ile ya matumbo, na mayai yake hutoka pamoja na choo. Kinyesi kikifika majini, mayai huanguliwa, na kijidudu kitokacho humtafuta konokono wa aina fulani, akaaye karibu na ufuko penye majani. Kijidudu humwingia konokono na kuzaana ndani yake. Baada ya majuma kadhaa hutoka vijidudu vingine vyenye mikia, vingi mno, navyo ni vidogo hata mtu aliye majini havioni. Hivi huogelea, hasa mchana wakati wa jua kali, vikitafuta ngozi ya mtu. Vikiipata, hupenya kwa dakika chache, wala mtu hana haja ya kunywa maji ili augue. Kusimama tu majini kwatosha.

Mtoto aliyepatwa na kichocho haanguki siku ile ile. Maradhi huenda polepole. Tumbo humwuma, pengine huhara damu, nguvu zake hupungua, naye darasani husinzia hata mwalimu akadhani ni mvivu. Asipotibiwa, kwa miaka mingi ini lake na wengu wake huharibika. Dawa iko, nayo ni vidonge ambavyo katika mikoa ya ziwa hugawiwa shuleni. Vidonge hivyo huwaua minyoo waliomo mwilini, lakini si ngao. Mtoto akimeza dawa leo na kurudi kesho katika maji yale yale, ataambukizwa tena.

Angalia sasa nani aliye na kosa. Wengi humlaumu konokono. Lakini konokono hakuzaliwa na maradhi. Aliyapata kwa mtu. Kinyesi cha watu kisipofika ziwani, konokono karibu hana cha kumpa mtu. Kwa hiyo choo kizuri kilichojengwa mbali na maji hufanya kazi ambayo dawa haiwezi kuifanya, maana hukata njia ya maradhi mahali inapoanzia.

Je, tusiogelee kamwe? Kuogelea ni mchezo mzuri, hutia mwili nguvu, na tena mtu ajuaye kuogelea aweza kujiokoa chombo kikizama. Lakini mahali ambapo waganga wa zahanati wamesema pana kichocho, usiingie majini, hata rafiki zako wakikucheka. Usiogelee penye majani na konokono, wala karibu na mfereji utokao mjini. Ukitaka kuoga, teka maji uyapeleke nyumbani, uyaache siku mbili kamili ndani ya chombo safi kisicho na konokono, kwani vijidudu vile visipompata mtu hufa. Au uyatie moto kwanza. Twaona basi kwamba mtu achafuaye ufuko huwanyima watoto wake mwenyewe mahali pa kuchezea.

Sasa tuje kwa uchafu wa namna ya pili. Huu ni wa ajabu, kwa sababu shambani ni mali, bali ziwani ni adui. Nao ni rutuba. Mkulima hutia samadi na mbolea ili mimea yake ipate vyakula viwili hasa, ambavyo wataalamu huviita naitrojeni na fosforasi. Mvua kubwa ikinyesha juu ya shamba lililolimwa kwenye mtelemko bila matuta, udongo pamoja na rutuba yake huchukuliwa mpaka mtoni, na mto huvitua ziwani. Maji machafu ya miji nayo yana vyakula hivyo. Hata moshi wa nyika zinazochomwa na vumbi la nchi kavu hupeperushwa na upepo, kisha huanguka juu ya maji. Na wataalamu waliopima wameona kwamba kiasi kiangukacho kutoka hewani si kidogo.

Rutuba ikizidi majini, yaotayo si mahindi. Huota viumbe vidogo vya rangi ya kijani, ambavyo kwa desturi twaviita mwani. Huzaana upesi mpaka maji yafanane na mchuzi wa mboga, na pengine ufukoni huonekana utando mzito kama rangi iliyomwagika. Kisha mwani hufa na kuzama. Unapooza chini, huitumia hewa safi iliyomo ndani ya maji, ile ambayo samaki huivuta. Hewa ikiisha, samaki hukimbia au hufa.

Yako maarifa mepesi ya kupima jambo hili. Mwaka wa 1865 padre mmoja wa Italia, jina lake Angelo Secchi, aliyekuwa mtaalamu wa nyota, alitumia sahani nyeupe iliyofungwa kamba ili kupima wangavu wa maji ya bahari. Sahani huteremshwa polepole, na pale isipoonekana tena kamba hupimwa. Wataalamu waliopima Nyanza kwa sahani ya namna hii katika miaka ya 1920 na 1930 waliiona mita kadhaa chini ya maji. Katika miaka ya 1990, mahali pengi karibu na nchi kavu haikuonekana hata kufika mita mbili. Wazee wasemapo kwamba maji ya ziwa yalikuwa meupe zaidi zamani, si hadithi tu. Sahani nayo yashuhudia.

Rutuba ile ile ililikaribisha gugu maji. Mmea huu wenye maua mazuri ya zambarau asili yake ni Amerika ya Kusini. Mwishoni mwa miaka ya 1980 ulionekana katika Nyanza, na kufika mwaka wa 1998 ulikuwa umefunika maji mengi sana, hata bandari ya Kisumu ikazibwa na wavuvi wakashindwa kutoa mitumbwi yao. Walioletwa kupigana nalo ni wadudu wadogo, jamaa ya fukusi wa mahindi, ambao chakula chao ni gugu hilo tu. Kwa kazi ya wadudu hao, pamoja na kung'olewa na watu na kupigwa na mawimbi, gugu likapungua sana baada ya miaka michache. Lakini halikwisha. Hurudi tena na tena, hasa katika Ghuba ya Winam, mvua nyingi zikiteremsha rutuba. Kung'oa gugu na kuacha kuleta rutuba ni kama kufuta maji sakafuni na huku paa lavuja.

Pengine mwanafunzi atasema, "Mwalimu, maji yakichafuka tutayasafisha." Ni kweli kwamba mitambo ya maji hufanya kazi njema. Mwanza, kwa mfano, maji huvutwa ziwani mahali paitwapo Capri Point. Katika mitambo ya namna hii maji hutiwa dawa inayokusanya takataka ndogo zishikamane na kuzama, kisha huchujwa kwa mchanga, kisha hutiwa klorini kuua vijidudu. Nyumbani nasi twayachemsha. Kuchemsha huua vijidudu vya kipindupindu na vya homa ya matumbo, na kila mtu anywaye maji ya ziwa yasiyosafishwa hana budi kufanya hivyo.

Lakini moto hauwezi mambo yote. Baadhi ya viumbe vile vya kijani hutengeneza sumu idhuruyo ini, na sumu hiyo haivunjwi kwa kuchemsha. Ukiyachemsha maji yale, maji hupungua na sumu hubaki. Kumbuka ile chumvi ya sufuriani. Mwezi wa Agosti mwaka wa 2014, mji wa Toledo katika Marekani, unaokunywa maji ya Ziwa Erie, ulipatwa na jambo hili. Watu zaidi ya 400,000 waliambiwa wasinywe maji ya bomba, wala wasiyachemshe, mpaka yapimwe na kuonekana salama. Ule ni mji wenye mitambo mizuri na fedha nyingi, na hata hivyo kwa siku kadhaa watu wake walikuwa wakitafuta maji ya chupa huku ziwa kubwa liko mbele ya macho yao. Nasi katika Ghuba ya Winam na Ghuba ya Mwanza tumekwisha kuiona mwani ya namna hiyo. Kwa hiyo, maji yakiwa na utando wa kijani, usinywe, usioge, wala usinyweshe ng'ombe. Ondoka ukatafute mahali pengine.

Je, ziwa lililochafuka laweza kupona? Naam, laweza. Karibu na mji wa Seattle, huko huko Marekani, liko ziwa liitwalo Washington, ambalo watu hupenda kuogelea ndani yake. Tangu mwaka wa 1941 miji iliyolizunguka ilikuwa ikimwaga humo maji ya vyoo, baada ya kuyasafisha kwa kiasi. Mwaka wa 1955 mtaalamu W. T. Edmondson na wenzake waliona mwani wa aina ya hatari, naye akawaonya watu kwamba ziwa lingeharibika. Watu walibishana sana, maana kulinda ziwa kulitaka kodi. Lakini mwaka wa 1958 wakapiga kura na kukubali gharama. Kati ya mwaka wa 1963 na 1968 maji yale machafu yakageuzwa kwa mabomba yasiingie ziwani tena. Sahani nyeupe, iliyokuwa ikipotea machoni baada ya mita moja tu, baada ya miaka michache ikaonekana zaidi ya mita tatu, na baadaye zaidi ya hapo.

Habari hiyo yatutia moyo, lakini tusijidanganye. Ziwa lile ni dogo sana mbele ya Nyanza, na maji yake hubadilika kwa miaka michache tu. Letu huchukua muda mrefu zaidi. Kwa sababu hiyo wao waliweza kungoja mpaka ziwa likachafuka ndipo wakatengeneza. Sisi yatupasa kutangulia. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta.

Basi ufa wenyewe huzibwaje? Si ziwani, bali juu, kabla maji hayajafika. Kila nyumba na iwe na choo cha shimo, mbali na ufuko na mbali na kisima. Wafuao nguo na wateke maji, wafulie nchi kavu, na povu limwagwe shambani. Ng'ombe wanyweshwe kwa hori, wasisimame ndani ya maji yanayotekwa na watu. Mashamba ya mtelemko yalimwe kwa matuta yanayokingama, si yanayoshuka. Mafunjo yaotayo kando ya ziwa na mito yasikatwe ovyo wala kuchomwa, kwa sababu ni chujio lisilo na gharama: huzuia udongo, na mizizi yake hunywa rutuba kabla haijafika ziwani. Tanzania ina sheria ya mwaka wa 2004 ikatazayo watu kufanya shughuli za kudumu katika mita 60 kutoka ukingo wa ziwa au mto. Wako wanaoinung'unikia, kwani udongo wa kando ya maji ni mzuri. Lakini zile mita 60 ndizo mfuniko wa mtungi.

Jaribuni jambo hili shuleni. Chukueni masanduku mawili madogo yaliyojaa udongo, yatobolewe upande mmoja. Katika moja oteni majani mpaka yashike vizuri; la pili liacheni tupu. Yainamisheni kidogo, na chini ya kila tundu wekeni bilauri. Kisha nyunyizeni maji kwa kopo lililotobolewa, kama mvua. Tazameni rangi ya maji katika bilauri zote mbili, kisha jiulizeni, ni ipi mngependa kumpa mdogo wenu anywe?

Mtoto hawezi kujenga mitambo ya maji, wala hawezi kutunga sheria. Lakini yeye ndiye atumwaye kuteka maji asubuhi, ndiye apelekaye ng'ombe kunywa, naye huijua njia ya ufukoni kuliko mzee. Akishika desturi njema katika mambo hayo matatu, amekwisha kulinda sehemu yake. Na siku atakapotia kata mtungini nyumbani kwake, akumbuke kwamba mtungi ule ni mtoto tu. Mama yake ni ziwa, na huyo hana mfuniko ila watu wakaao kandokando yake.

MASWALI

1. Kwa nini uchafu hukaa muda mrefu ziwani kuliko mtoni? Eleza kwa mfano wa sufuria na chumvi.
2. Eleza safari ya kichocho kutoka kwa mtu mpaka kwa konokono, na kutoka kwa konokono mpaka kwa mtu. Ni wapi yaweza kukatwa kwa urahisi zaidi?
3. Rutuba ni njema shambani. Kwa nini ni mbaya ziwani?
4. Kuchemsha maji husaidia katika mambo gani, na katika jambo gani hakusaidii?
5. Tembea kutoka shuleni kwako mpaka mto au ziwa lililo karibu. Andika mambo yote uliyoyaona yanayoweza kuchafua maji, na useme kila moja laweza kuzuiwaje.